Chumba Kilichohama na Wakaaji Wake

Ulipita. Usikatae. Ulipita na basi la saa nne, au na gari lako lenye kiyoyozi, ukauona ule mtaa wa nyumba nzuri upande wa mbuga ya Bahi, mabati ya rangi ya damu ya mzee, geti baada ya geti, na hukumwona mtu hata mmoja. Ukajisemea pamependeza, ukarudisha macho kwenye simu. Haya, sikiliza ulichokiacha nyuma ya kioo.

Mtaa unaitwa Ufukweni. Bahari iko mbali sana na hapo. Viwanja vilipimwa mwaka ule mvua zilipozidi, maji ya mbuga yakapanda mpaka kwenye vichaka, watu wakavua kambale kwa vikapu pale pale walipokuwa wakilima mpunga. Wanunuzi waliletwa Jumapili moja kuyatazama maji. Walikuwa wakuu wa idara, madaktari, watu wa Dar es Salaam waliotafuta mahali pa kuzeekea na pa kuleta wajukuu wakati wa likizo. Kila mmoja akachora nyumba yenye baraza pana la kutazama maji. Mwaka uliofuata maji yalirudi yalikotoka. Mabaraza yanatazama tope lililopasuka mpaka leo.

Karani wa sensa alipofika aliandika nyumba mia moja arobaini na tatu na watu thelathini na mmoja. Akadhani amekosea, akarudia. Hakuwa amekosea. Wale thelathini na mmoja wote walikuwa walinzi na wake zao, na hakuna hata mmoja aliyelala ndani ya nyumba iliyokwisha.

Wanalala kwenye mapagale. Sheria ya pagale haikuandikwa popote lakini kila mtu anaijua. Nyumba ikiwa haijaisha, unakaribishwa ukae ndani yake bure, ulinde tofali na nondo, umwagilie kuta zikomae, ufukuze popo. Siku fremu za milango na madirisha zinapoletwa, unafunga mzigo unahamia pagale lingine. Ukilitunza vizuri, linaisha upesi, unatoka upesi.

Penina alikuwa amemaliza mapagale sita. Jumanne moja ya mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, alikuwa anaanika mlenda juu ya gunia kwenye pagale la saba, kiwanja namba sitini na moja, alipoona toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, linaingia limebeba fremu. Alikunja gunia na mlenda wake ndani, akaenda kumwambia mumewe.

Mumewe, mzee Methusela, alikuwa amelala chumba cha nyuma. Miguu yake ilikataa tangu mvua zilizopita na sasa kifua nacho kilikuwa kinaelekea kukataa. Alizaliwa mahali hapo. Si karibu na hapo; hapo. Tembe la baba yake lilisimama juu ya kiwanja namba sitini na moja kabla hakijawa kiwanja wala namba. Lilivunjwa mara ya kwanza miaka ya kuhamia vijijini, wakarudi kimyakimya wakalijenga. Lilivunjwa mara ya pili wapimaji walipokuja, kwa kuwa mwenye tembe hakuwa na karatasi. Methusela mwenyewe ndiye aliyechimba msingi wa nyumba mpya, kibarua wa kutwa, na chini ya chumba cha nyuma jembe lake likagonga mafiga matatu ya mama yake, yamekaa kama mama alivyoyaacha. Akamwambia fundi. Fundi akasema ni mawe mazuri, yakaingia kwenye zege.

Kwa hiyo Methusela hakuwa na maombi mengi. Alitaka kufia kwenye chumba kile. Alikuwa amemwambia Penina, Penina alikuwa amemwambia Mungu, na wote wawili walikuwa wanasubiri jibu. Zikaja fremu.

Walimpakia kwenye mkokoteni pamoja na sufuria, magodoro na kuku wawili. Penina akavuta, jirani yake Yasinta, mlinzi wa kiwanja cha pili, akasukuma. Pagale jipya lilikuwa la Bwana Abubakari, mtu wa Dar ambaye hakuna aliyewahi kumwona, mwendo wa hatua mia nne. Walipofika katikati Methusela akaita.

"Penina."

"Bee."

"Kuna mtu nyuma yetu."

"Hakuna mtu. Ni upepo."

"Basi upepo una lenta."

Penina akageuka. Chumba cha nyuma kilikuwa kinakuja. Kilikuwa na kuta zake nne, tundu la dirisha, lenta yake ya zege juu ya kuta na kipande chake cha bati kichwani, na kilitembea taratibu kikiinua kona moja baada ya nyingine, kama ng'ombe mzito anayetoka majini. Mkokoteni uliposimama nacho kikasimama.

"Rudi kwenu," Penina akakiambia.

Hakikurudi.

"Mbukwa," Methusela akakiamkia kwa Kigogo, kama mtu anavyomwamkia wa nyumbani.

"Mimi nafuatwa na korido tangu Pasaka," Yasinta akasema, akipumua juu ya mkokoteni. "Wewe una bahati. Kwenye korido utalala vipi? Twende, jua linachoma."

Walipofika kwa Bwana Abubakari chumba kilizunguka pagale mara moja, kikachagua upande wenye kivuli, kikakaa. Penina akafagia, akatandika godoro pale pale lilipokuwa asubuhi.

Saa nane alikuja Luka, fundi madirisha, na tepu yake mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Luka. Umekula?"

"Bado. Mama, nimepima mara tatu. Nimebakiwa na fremu moja." Akakitazama chumba. "Sasa niifunge kule au hapa?"

"Muulize mwenye chumba."

Luka akapiga simu Dar es Salaam, akaongea, akakata. "Amesema mkae, ila msipigilie misumari ukutani." Akaifunga fremu pale pale, akala ugali wa uwele, akaondoka.

Wangeachwa hapo, hadithi ingekuwa fupi na nzuri. Lakini Alhamisi alifika mwenyekiti wa mtaa, Lameck, mtu wa kofia na daftari.

"Penina, umezifundisha nyumba za watu tabia ya mbuzi."

"Mbuzi humfuata anayemlisha, mwenyekiti. Hizi nyumba nani anazilisha?"

"Mimi nimekuja kwa kazi, usinichekeshe." Lakini alicheka, akaingia kumsalimia mzee, akakaa kidogo. Kisha akaeleza shida. Chumba cha kiwanja namba sitini na moja kimesimama kwenye kiwanja cha Bwana Abubakari bila kibali. Bwana Abubakari ameshapiga simu. Anasema ama kiondoke ama kiwe chake.

Ijumaa alikuja afisa na kopo la rangi nyekundu. Alichora X kubwa ukutani, akaandika siku saba. Kabla ya kuondoka aliinama dirishani akamwomba mzee radhi kwa harufu ya rangi.

Mwenye chumba alikuja Jumamosi, kwa treni ya asubuhi. Anaitwa Sabiha, mzaliwa wa Dodoma mjini. Babu yake aliuza nafaka Majengo. Amefanya kazi ofisini Dar miaka thelathini na mbili, anastaafu Juni ijayo. Alivua viatu mlangoni pa chumba chake, akaingia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwako."

"Ahsante. Naambiwa hiki ni changu."

"Ni chako. Hati si unayo?"

"Ninayo." Akakaa chini kwenye mkeka, mkoba mapajani. "Baba, mmekifanya nini mpaka kikawapenda hivi?"

"Hatukukifanya kitu. Tulikaa."

Nje Penina alikuwa anakoroga uji na alisikia kila kitu, kwa sababu chumba kilikuwa kinasikika vizuri siku hiyo.

"Nilijenga vyumba vinne," Sabiha akasema. "Watoto wangu watatu wamekulia Dar. Mmoja sasa yuko Dubai. Wote nikiwatajia Dodoma wananitajia vumbi. Hakuna aliyekuja hata kuchagua rangi."

"Vitatu vya watoto, kimoja chako."

"Hapana. Mimi nilipanga kulala chumba cha mwanangu mkubwa mpaka aje. Hiki cha nyuma kilikuwa cha mgeni."

"Haya," Methusela akasema, "mgeni amefika."

Sabiha alicheka, na katikati ya kicheko akafunika uso kwa mtandio. Penina akaleta uji vikombe vitatu. Wakanywa. Wakakubaliana mambo kwa dakika chache, kama watu wanavyokubaliana wasipokuwa na mkutano: chumba kirudi kisije kikavunjwa, na mzee arudi ndani yake, akae mpaka mwisho.

Alitangulia Penina, kwa kuwa chumba hakikumjali mtu mwingine. Alitembea hatua zile mia nne bila kugeuka, chumba nyuma yake, Methusela ndani amelala. Nyumba ilikipokea kwa mlio wa mtu anayemeza mate. Jioni ile Sabiha alipika wali, akatoa nailoni kwenye kochi moja kati ya yale yaliyoletwa wiki ile, akalikalia. Nyumba nzima ilikuwa imenyamaza isipokuwa chumba cha nyuma, ambako Methusela na Penina walikuwa wanabishana juu ya jina la ng'ombe aliyekufa miaka hamsini iliyopita.

Jumapili, simu ya Sabiha haikutulia. Wamiliki wa Ufukweni wana umoja wao na kundi lao la simu, na habari zilikuwa zimefika. Hakuna aliyetukana. Waliandika kwa heshima, na emoji za mikono iliyofumbatwa. Dada Sabiha, tunaelewa una moyo. Lakini kanuni ya nne inasema mlinzi halali kwenye nyumba iliyokwisha. Ukimruhusu mmoja, kesho wote thelathini na mmoja watataka, na kila mmoja chumba kitamfuata. Dada, hata wewe umekubali kanuni hizi. Dada, fikiria thamani ya mtaa.

Sabiha alifikiria thamani ya mtaa. Jumatatu alitakiwa kazini. Alfajiri aliingia chumba cha nyuma akapiga magoti karibu na godoro.

"Baba, leo itabidi utoke. Nitakuja Juni. Nikistaafu nitakuwa na nguvu ya kubishana nao. Juni tutayamaliza."

"Sawa, mwanangu."

"Utanisamehe?"

"Kalale kwenye treni kidogo. Hukulala."

Hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ungemtukana ukapona. Alifunga mlango wa mbele, akalia mpaka getini, akafunga geti, akaweka funguo kwenye mkoba, akaenda stesheni na bajaji.

Methusela alikuwa ameshatolewa kabla milango haijafungwa, yuko kwenye mkokoteni kurudi kwenye pagale la Bwana Abubakari. Chumba kikaanza kutoka, kona moja tayari iko nje ya ukuta, tofali zikilia. Mzee akainua mkono.

"Baki," akakiambia. "Watakuvunja."

Kilisimama hivyo muda wa kuvuta pumzi kama kumi. Kisha kikarudisha kona yake ndani.

Kimebaki tangu siku hiyo. Kinatii, kama tulivyozoea kutii sisi wote wa huku. Tuliambiwa hamieni kijijini, tukahamia. Tuliambiwa pisheni upimaji, tukapisha. Kitu kimoja tu kimefanya bila ruhusa. Dirisha lake lilikuwa linatazama magharibi, kwenye tope. Sasa linatazama kaskazini, kwenye pagale la Bwana Abubakari, na Luka anasema hakuligusa. Ukuta wa upande huo umeanza kutokeza nje kama tumbo. Luka ameruka geti mara mbili kuupiga plasta. Sabiha aliambiwa kwa simu, akasema wafunge pazia.

Penina amelaza godoro la mumewe mahali ambapo dirisha linamwona. Mchana wanatazamana. Yasinta akipita na korido yake nyuma huwaamkia wote wawili, mzee na chumba.

Methusela yuko hai. Nakwambia yuko hai leo, wakati unasoma. Jana alikunywa vijiko vitatu vya uji na akauliza leo ni mwezi gani. Penina akamwambia. Akahesabu kwa vidole mpaka Juni, vidole vikafika, pumzi haikufika.

Nyumba mia moja na arobaini na kitu zimefungwa, na zile za kwenu sijazihesabu. Usiniambie inasikitisha. Neno hilo limeshatumika huku mpaka limechakaa. Kama unamfahamu Sabiha, mpigie, na mpigie kabla hujamaliza sentensi hii. Kama humfahamu, unamfahamu mwenye nyumba mwingine, au ni wewe mwenyewe, umekaa Dar na funguo zinaning'inia msumarini jikoni. Zitungue. Treni ya leo bado haijaondoka. Panda, shuka, chukua bajaji, fungua geti, fungua mlango, acha wazi. Kanuni ya nne nitakusaidia kuichana.

Mzee amekuwa mwepesi, watu wawili wanatosha kumbeba. Penina ameshashika upande wa miguu. Njoo ushike upande wa kichwa.