Faini ya Mandazi

Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kuna maneno ambayo watu hawayachezei, na "kwetu" ni mojawapo. Ukitoka sokoni unasema unarudi "ku nyumba". Ukitoka mjini Dowa kufuatilia karatasi, unarudi "ku camp". Kwetu ni kule ulikotimuliwa: Bukavu, Uvira, Ngozi. Hata mtu aliyezalia watoto wote kambini na kuwaozesha hapohapo hatakuambia kwamba Dzaleka ni kwao. Wanavyoona wao, anayesema hivyo amekwisha kata tamaa, na faili la kuhamishiwa ng'ambo la aliyekata tamaa hukaa chini ya mafaili mengine mpaka panya walimalize.

Katika hili Olivier, kijana wa kwaya ya kanisa la kambini, alizidi wote. Mtu akiteleza ulimi mbele yake, akasema "kwetu" huku anamaanisha kibanda chake cha matofali mabichi, alitozwa faini ya mandazi hapohapo, na Olivier aliyala bila huruma. Bénie, msichana wa kwaya hiyohiyo, ndiye aliyelipa kuliko wengine. Mwanzoni aliteleza kweli. Baadaye aliteleza kwa makusudi, na wanakwaya wote walijua wale wawili wanatafuta nini kabla wao wenyewe hawajaambiana.

Walikuwa wamekutana nyuma ya kanisa, mahali ambapo Olivier aliwakusanya wageni Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, akawafundisha namna ya kujibu mahojiano ya ukimbizi. Hakuwafundisha uongo, uongo aliuchukia. Aliwafundisha kutobabaika, maana alikwisha kuona watu wenye makovu mwilini wakinyimwa hadhi ya mkimbizi kwa sababu tu walizungukazunguka wakaonekana wanatunga. Bénie alikuwa amefika juzijuzi kutoka Bukavu, ambako baba yake aliuawa mlangoni pa nyumba yao, na kila alipotaka kusimulia, maneno yalimtoka vipandevipande. Olivier alimwambia aache mengine yote, ashike hili moja.

"Bakikuuliza kama utarudi kwenu, usizunguke," alisema. "Batazame mu macho. Sema: hapana, siwezi kurudi kwetu, nikirudi nitakufa. Halafu unyamaze."

Alimkaririsha mpaka sentensi ile ikawa inatoka yenyewe. Bénie alipoingia kwenye mahojiano aliisema hivyohivyo, akanyamaza, akapewa hadhi. Kwa miaka tisa aliamini kwamba sentensi ile ndiyo iliyomwokoa, na hakukosea.

Kisha Olivier akaondoka. Faili la kuhamishwa lake na mama yake, Maman Louise, lilifunguliwa kabla hajamjua Bénie, na mchumba hachomekwi kwenye faili la watu dakika za mwisho. Walipelekwa Ulaya, kwenye mji wa theluji ambao jina lake Bénie alichukua muda kulitamka sawasawa. Ahadi ilikuwa kwamba Olivier angepata karatasi za kudumu, angerudi kumwoa, wangeondoka pamoja. Badala yake figo za Olivier zilikufa. Sasa alikuwa mtu wa kulazwa kando ya mashine kila baada ya siku moja ili isafishe damu yake, na mtu wa namna hiyo hapandi ndege kwenda Malawi. Kwenye simu alijitahidi kuchekesha, lakini uso wake ulikuwa umebaki mifupa. Mwaka huu moyo nao ulianza kuchoka, na madaktari wakaacha kuzungumzia figo mpya.

Yeye hakuomba chochote. Aliyeomba ni mama yake, akimpigia Bénie simu akiwa kwenye ngazi za hospitali ili mtoto asisikie. "Kuja umuone, binti yangu," alisema. "Ata siku kidogo tu. Usingoje."

Kwa hiyo Bénie aliomba viza ya matembezi ya wiki tatu. Hakutaka kuhamia, hakutaka kazi, hakutaka theluji ya mtu. Alitaka kumshika Olivier mkono angali na joto. Hati yake ya kusafiria ya mkimbizi ilichukua muda kutoka mpaka akahisi nywele zinaota mvi. Maman Louise alituma barua ya mwaliko, kanisa likachanga sadaka, na Annuarite, jirani aliyeshona naye kwenye baraza moja, akamwazima viatu vyake vya harusini. Viatu vilibana. Bénie alivivaa hivyohivyo, maana Annuarite alisema afisa huanza kumwangalia mtu miguuni.

Siku ya mahojiano aliondoka na ruhusa ya kutoka kambini mfukoni, akapanda kabaza mpaka barabara kuu, kiatu kimoja kikigonga spoku za baiskeli, halafu minibasi hadi Lilongwe. Walipita Mtandire, alikokuwa na kibanda cha kushonea kabla wakimbizi hawajaamriwa kurudi kambini, na kibanda chake sasa kilikuwa kinauza mkaa. Hakutaka kukiangalia sana. Njia nzima alikuwa akirudia jina la hospitali ya Olivier.

Afisa wa ubalozi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, na ni lazima isemwe kwamba hakuwa na ubaya wowote. Kando yake alikaa mkalimani, mwanamume nadhifu ambaye Kiswahili chake kilikuwa kile cha redioni, kimepigwa pasi. Maswali ya mwanzo yalipita vizuri. Olivier ni nani, walijuana wapi, atalala kwa nani, nani atamlisha. Bénie alijibu kwa utulivu, na afisa aliandika huku akitikisa kichwa kukubali. Moyo wa Bénie ulianza kufunguka. Aliwaza kwamba labda ataomba kofia ya sufu kwa Maman Louise, kwa kuwa hakuwa nayo.

Kisha afisa akauliza jambo kwa Kiingereza, na mkalimani akalileta kwa upole wake wote.

"Na baada ya wiki hizo tatu, utarudi kwenu?"

Mwili wa Bénie ulijibu kabla yake. Mgongo ulinyooka, macho yakamtafuta afisa yakamganda.

"Hapana," alisema. "Siwezi kurudi kwetu. Nikirudi nitakufa."

Halafu akanyamaza, kama alivyofundishwa. Kwa sekunde chache alijisikia vizuri, kama mwanafunzi aliyelipata swali alilosomea. Ndipo akaona kwamba mkalimani anamtazama kwa huruma na hajafasiri bado. Lakini kufasiri ndiyo kazi yake, akafasiri. Kalamu ya afisa ilisimama, halafu ikaandika kwa muda mrefu.

Alikuwa ameulizwa kama ataondoka Ulaya na kurudi Malawi, kwenye cherehani yake na chumba chake na kwaya yake. Yeye akasikia Bukavu. Alipoelewa, damu ilimshuka mpaka kwenye vile viatu vya watu.

"Pardon," alisema. "Mi nilizani munauliza Congo. Ku Dzaleka nitarudi, kabisa."

Afisa hakumfokea. Aliuliza tu, kupitia kwa mkalimani, kama basi kwao ni Dzaleka. Hapo lilihitajika neno moja, ndiyo, na mambo pengine yangenyooka. Lakini neno la kwamba Dzaleka ni kwao Bénie hakuwahi kulisema isipokuwa kwa mandazi. Kulisema ofisini, mbele ya bendera na kalamu, kulimtia hofu aliyoishi nayo miaka yote: kwamba kalamu huambiana, kwamba kesho atakayeshika faili lake la kuhamishwa atasoma kuwa huyu amekwisha pata kwao.

"Hapana," alisema kwa sauti ndogo. "Kule mi niko tu mukimbizi. Sina kwetu."

Mkalimani alifumba macho kidogo, kisha akafasiri hilo nalo.

Bénie aliitwa tena ubalozini wiki iliyofuata kuchukua bahasha. Barua ilisema kwamba hawakuridhika kuwa mwombaji ataondoka nchini mwao muda wa ziara utakapokwisha. Bénie aliisoma akiwa amesimama ukutani nje ya geti, akaikunja, akaenda kwa miguu hadi kituo cha minibasi kwa sababu hakukumbuka kwamba angeweza kupanda kitu. Aliona uchungu, lakini zaidi aliona aibu. Aliamua atamwambia Olivier kwamba karatasi hazikutimia, basi.

Alimpigia akiwa kituoni, na simu iliita mara moja tu ikapokelewa. Olivier alikuwa kwenye mashine. Bénie aliisikia ikinguruma nyuma ya sauti yake.

"Bamekatala," alisema. "Basema karatasi hazienei."

Olivier alikuwa amefundisha watu wengi mno kujibu maswali, na huwezi kumdanganya mtu wa aina hiyo kirahisi.

"Balikuuliza kama utarudi?"

"Njo, baliniuliza."

"Ukajibu nini, Bénie?"

Alitaka kumwambia uongo. Alimpenda kiasi hicho. Lakini uongo ndio kitu ambacho yeye hakumfundisha.

"Nilijibu sawa vile ulinifundishaka."

Mashine iliendelea kunguruma. Bénie alisikia pumzi yake ikipanda na kushuka, kisha akamsikia akilia, taratibu, kama mtu ambaye hata machozi anayabania. Konda wa minibasi ya Dowa alikuwa akimwashiria apande, maana kiti kilikuwa kimebaki kimoja. Olivier alijikohoza akamwuliza sasa anaenda wapi.

"Narudi kwetu," alisema Bénie.

Alingoja, simu ameibana sikioni, akimwombea acheke, aidai faini yake kama zamani. Olivier alimwambia asafiri salama, na mandazi hakuyadai.