Kikohozi cha Mzee Jitendra

Mimi ndiye niliyemfundisha Mzee Jitendra njia ya mkato, na njia hiyo ndiyo iliyompoteza mara ya pili. Nasema mapema, usije ukatafuta mwingine wa kulaumu.

Mzee alikuwa na duka la vifungo, nyuzi na zipu katikati ya jiji, na tovuti yake niliitengeneza mimi. Iko kwenye seva ya Java, ile inayoweza kubeba programu nyingi kwa pamoja. Mtu akiandika jina la duka tu, bila neno jingine baada yake, seva humpeleka kwa programu moja iliyopewa jina ROOT, kwa herufi kubwa zote nne. Mzee alilipenda jambo hilo kupita kiasi.

"Kwa hivyo huyu ROOT ni kama mimi," aliniambia. "Mtu anaingia, hajasema anataka nani, mimi ndio naitika."

Programu yenyewe huwa faili moja iliyofungwa kama mzigo. Seva huufungua mzigo huo na kuvitandaza vilivyomo kwenye folda yenye jina lile lile. Ukitaka kuongeza kitu, kanuni ni kuufunga mzigo upya. Lakini Mzee hakuwa na subira, nami nilikuwa na kazi zangu, nikamwonyesha jinsi ya kuweka vitu moja kwa moja ndani ya folda. Tangu siku hiyo hakunisumbua tena, nami nikajiona mjanja.

Miezi miwili kabla hajafariki aliweka humo sauti yake. Ukifungua ukurasa unamsikia: "Karibu dukani. Ukikosa kifungo yako, uliza mimi, Jitendra." Katikati alikohoa. Nikamwambia arekodi upya.

"Wacha," akasema. "Customer wangu wananijua na kikohozi yangu."

Alipokufa, mkewe Ramila akashika desturi. Kila asubuhi, nyumbani kwao Spring Valley, akishawasha taa ya ibada alikaa na tableti yake, akaandika jina la duka, akamsikiliza mumewe. Mara moja tu, kisha akaenda kupika chai. Hakuijua anwani nyingine yoyote kwenye mtandao, wala hakuitaka.

Mwezi uliopita mwanawe, Gaurav, alinipigia simu.

"Zainab, niaje? Site mpya iko ready, sasa tunauza online tu. Weka hiyo ndio ikuwe default, ile ya kuitika kwanza. Ya daddy usitoe, ipe tu jina yake. Mum ataandika 'jitendra' baada ya jina ya duka."

Wanaosema haraka haraka haina baraka wangeniona siku ile. Nilikwenda polepole kama kinyonga, na bado baraka haikuja. Niliutoa mzigo wa zamani wa ROOT, nikauhamishia kando salama, nikatengeneza nakala yake na kuiita jitendra. Kisha nikauweka mzigo mpya mahali pa ule wa zamani. Nikajisifu kwa uangalifu wangu.

Nikafungua ukurasa wa jitendra. Ulikuja mzima, na picha za vifungo, na saa za kufungua duka. Sauti haikuja.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nimewafundisha watu kumi na zaidi. Seva ikiona mzigo umeondoka, hudhani programu yenyewe imefukuzwa, na hufuta folda yake yote. Sauti ya Mzee haikuwahi kuwa ndani ya mzigo. Ilikuwa kwenye folda tu, alikoiweka kwa mkono wake, kwa njia niliyompa mimi. Kompyuta aliyorekodia ilikuwa imeuzwa pamoja na rafu za duka. Nakala za akiba za seva hazikuwapo, kwa sababu mimi, fundi mwenyewe, nilisema duka dogo halizihitaji.

Nilitafuta siku tatu. Siku ya nne nikaenda Spring Valley.

Ramila alikuwa sebuleni, tableti mapajani. Nilikuwa nimejiandalia maelezo marefu. Yote yalinitoka kichwani.

"Mama Gaurav, sauti ya Mzee nimeifuta. Si mashine iliyoharibika. Ni mimi."

Alinigeuzia tableti. Tovuti mpya ilikuwa wazi, na msichana wa picha akitabasamu.

"Huyu ndio anaitika sasa?"

"Ndiyo, Mama."

"Hanijui," akasema.

Nilitamani anigombeze, angalau nipate pa kushika. Badala yake akauliza, "Wewe ulikuwa unaisikia?"

"Kila nilipofungua ukurasa."

"Basi sema. Vile alikuwa anasema."

Niliona haya. Mimi ni mtu mzima, na sauti yangu ni ya mwanamke wa Pwani. Lakini ningemkataliaje?

"Karibu dukani," nikaanza. "Ukikosa kifungo yako..."

"Hapana." Alitikisa kichwa. "Hapo katikati alikohoa. Baada ya 'dukani'."

Nikaanza upya. Karibu dukani. Nikajaribu kukohoa, nikashindwa.

Ramila akakohoa yeye. Kikohozi kifupi, kikavu, cha Mzee kabisa. Kisha akaufumbata mkono wangu kwa viganja vyake, akaningoja niendelee.