Dari ya Diwani

Siku ya kusikiliza shida za wananchi, fundi seremala alikuwa juu ya ofisi ya diwani, aking'oa mbao za dari. Diwani alikuwa amerefuka tena. Kila alipoitwa Mheshimiwa aliongezeka upana wa kidole, na mjini humo hakuna aliyemwita vinginevyo. Sasa kichwa kilikuwa kinagusa bati.

Mkunga wa zahanati alisubiri kwenye benchi mpaka magoti yakamuuma. Zamu yake ilipofika, aliieleza miguu ya diwani kwamba paa la wodi ya wazazi linavuja, na kwamba mtoto mchanga amelowa akapata nimonia. Katibu akapanda ngazi kupeleka ujumbe, kwani sauti za chini hazikuwa zikifika juu.

"Mkunga anakusalimu, Mheshimiwa."

Aliposhuka, mkunga akamuuliza, "Mbona hukumwambia habari ya paa?"

"Mama, habari ndefu hazipandi ngazi."

Mkunga akainua uso juu. Diwani huyu alizaliwa mikononi mwake, na kichwa chake kilimtesa sana mama yake siku ile.

"Wewe Bichwa," akaita kwa sauti yake yote. "Shuka, mwanangu."

Diwani akapungua, taratibu, mpaka akaenea kitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watoto wananyeshewa wodini. Mmoja anaumwa."

"Tangu lini? Mbona sijaambiwa?" Akamgeukia katibu. "Kuna mabati uani. Yapelekwe zahanati leo hii."

Tangu achaguliwe, hakuwa amewahi kusikia jambo mpaka mwisho. Mkunga akashusha pumzi, akajifunga kanga vizuri, akainuka.

"Asante sana, Mheshimiwa," akasema.

"Asante, Mheshimiwa," katibu akadakia. Wale wa kwenye benchi nao, wasije wakaonekana hawana adabu, wakaitikia kwa pamoja. Mazoea yana taabu. Urefu wote ukamrudia diwani, na nyongeza; bati likapasuka, akatokeza kichwa nje.

Mkunga akaita Bichwa, akaita tena. Safari hii sauti haikufika.

"Hapa lazima tuinue paa lote," fundi akasema kutoka juu. "Mabati tunayo?"

"Yapo uani," katibu akajibu.

Ngazi ilikuwa ikiyumba, na mkunga ndiye aliyekuwa karibu, kwa hiyo aliishika mpaka bati la mwisho likapanda. Mvua ilipoanza alirudi wodini, akamwaga ndoo iliyojaa, akairudisha katikati ya vitanda.