Siku ya Kupanda Hakitoki Kitu

Siku ya kwanza ya kupanda shayiri, kwetu hakitoki kitu nyumbani. Si chumvi, si hamira, si hata moto wa kuwashia sigara. Kitu kikitoka, baraka ya mwaka mzima imetoka nacho, na mama mkwe wangu Tsona siku hiyo hulinda lango kuliko mbwa. Mimi ni mtu wa mjini niliyeolewa huku. Nilikuwa nacheka moyoni tu, maana kwa mdomo nisingethubutu.

Asubuhi hiyo theluji ilibaki mitaroni tu, na udongo ulikuwa umekauka kiasi cha kubeba trekta. Mume wangu Ilko alishakwea mlimani. Tulisikia trekta ikinguruma huku akisawazisha mabonge kabla ya kuanza kumwaga mbegu. Mama mkwe alikuwa amemfunga mkononi uzi wa Machi, ule mwekundu na mweupe wa kinga, akamwekea mkate kitini, akatema mate pembeni kufukuza kijicho.

Ndipo akaja Velika, jirani yetu mjane, mbio, mguu mmoja una buti na mwingine soksi.

"Dada Tsona! Niazimeni ule mnyororo wenu wa kuvutia ndama. Milka amekwama na uzazi tangu alfajiri, miguu ya nyuma ya ndama ndiyo imetangulia!"

Milka ndiye ng'ombe wake pekee. Velika anaishi kwa jibini ya Milka, hana kingine.

Mama alisimama katikati ya lango, akanyoosha mikono yote miwili.

"Leo tunapanda, Velika."

"Najua mnapanda! Ng'ombe wangu ndiye hajui!"

"Mpigie daktari wa mifugo."

"Yuko ng'ambo, na mto umefunika daraja. Dada, atakufa."

"Njoo kesho."

"Kesho nije kuchukua mnyororo wa kumburuzia shimoni?"

Ningecheka, lakini uso wa mama ulikuwa umeishiwa damu.

"Nilishakupa hamira siku kama ya leo," akasema polepole. "Ulikuwa bibi harusi, unataka kuoka mkate. Unakumbuka jioni nililetewa nini?"

Velika akainamisha kichwa. Kijiji kizima kinakumbuka. Mama aliletewa mumewe ndani ya blanketi, trekta ilimpindukia kwenye mteremko uleule alikokuwa Ilko sasa.

Nilikwenda bandani nikachukua mnyororo. Kutoka zizi la jirani nilimsikia Milka akilia, na kilio kile kilinitisha kwa sababu kilikuwa kinapungua.

"Mama, nipishe."

"Dafina, ukitoka nao huo unamtoa mwanangu."

"Mwanao ni mume wangu. Mimi pia namtaka mzima. Lakini anayekufa sasa hivi namsikia kwa masikio yangu."

Nikapita chini ya mkono wake. Akanifuata kwa sauti hadi barabarani: "We mwanamke wa mjini! Huna moyo! Kama kuna kitu kitampata, usirudi ndani ya nyumba hii!"

Milka alikuwa amelala ubavu, macho yamemgeuka. Kwato mbili zilitokeza, nyayo zikitazama juu. Nilizungusha mnyororo kwenye miguu ya ndama, nikashika upande mmoja, Velika mwingine, na kila Milka aliposukuma tukavuta. Ndama anayekuja kinyumenyume hana subira. Makalio yakishatoka, kitovu kimebanwa na kichwa kiko ndani bado, kwa hiyo ukisimama kupumzika umemuua.

Makalio yalipotoka tu, trekta ikanyamaza kule mlimani.

Haikupunguza mlio kama inapogeuka. Ilikatika. Velika alinitazama, nami nikamtazama.

"Nenda," akasema. "Nenda, Dafina, niachie."

Peke yake asingeweza. Akilini nilimwona Ilko chini ya chuma, nikauona uzi wa Machi kwenye mkono wake, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Sikwenda. Nilivuta huku nikilia na kumtukana Velika, ng'ombe wake, shayiri na siku niliyoolewa.

"Vuta, mama wee, vuta!" nikamfokea. "Unanitazamia nini?"

Ndama akachomoka, akatuangukia miguuni. Velika akamfuta pua, akamchokoa kwa unyasi, ndama akapiga chafya. Sikungoja kuona kama ni jike au dume. Nilikimbilia mlimani na mnyororo ukiwa bado mkononi.

Trekta ilikuwa imesimama vizuri tu. Ilko alikuwa ameegemea gurudumu, anatafuna mkate, amenuna.

"Mzima wewe?" Nilimshika uso, nikampaka damu.

"Mimi mzima. Kamuulize mama kama na yeye mzima. Ndiyo kwanza nimeanza kumwaga mbegu, naye huyo, kasimama mbele ya trekta kanyoosha mikono kama polisi. Nusura nimkanyage!"

Nyuma ya mashine, mama alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Alikuwa anafukua mistari kwa vidole, anaokota shayiri punje baada ya punje na kuitia kwenye aproni. Mistari yenyewe ilikuwa mifupi, haizidi urefu wa ua wetu, lakini punje zilikuwa nyingi.

"Mama, unafanya nini?"

Hakuinua kichwa. "Ndama?"

"Yuko hai. Na Milka pia."

Alitia punje nyingine kwenye aproni.

"Basi leo hatukupanda," akasema. "Tutapanda kesho. Leo ni siku kama siku nyingine, na siku kama hii jirani akija kuazima anapewa."

"Kesho mvua, mama!" Ilko alilalamika.

"Inyeshe."

Vidole vyake vilikuwa vimejaa tope. Nilimpenda pale kuliko siku yoyote, na sikujua namna ya kumwambia, kwa hiyo nilipiga magoti ng'ambo ya mstari nikaanza kuokota naye.

"Usiache hata moja," akasema.

"Siachi."

"Na hiyo je?"

Punje ilikuwa imenata kwenye damu ya kiganja changu. Niliibandua, nikamwekea kwenye aproni.