Redio Niliyoibana Nyuma ya Godoro

Mama mwenzangu, kama una jiko la mkaa na una chumba chenye dirisha linalofunga vizuri, sikiliza hadi mwisho. Elimu yangu ni ya msingi tu, siandiki kujionyesha. Naandika kwa sababu mimi niko hai na mjukuu wangu yuko hai, na ilibaki kidogo sana.

Binti yangu anafanya kazi kwenye duka la kuchapisha kadi. Mwezi ule alikuwa amefaulu mtihani wa redio. Si redio ya kusikiliza taarifa ya habari, ni ile ya kuongea, ya watu wanaoongea wao kwa wao kwa kupenda tu. Ukifaulu unapewa leseni, na pamoja nayo jina la hewani, herufi na namba ambazo mwingine hana. Juu kilimani kuna mtambo unaodaka sauti zao na kuzirusha tena mbali zaidi. Wenyewe wanauita ripita. Leseni ilipofika, binti aliibusu ile karatasi.

"Mama, kuanzia leo jina langu la hewani ni Saba Kei Emu Zedi!"

"Nilikupa jina zuri la bibi yako, wewe umekwenda kuchukua namba ya gari."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakiogopa kile kidude chenye mkia. Nilijiambia kinatoa miale, na miale itamchoma mtoto kichwani, maana mwanawe wa miezi minane namlea mimi akienda kazini. Binti alinieleza mara tatu kwamba hakina shida. Niliitikia kwa mdomo tu.

Siku hiyo mvua ilianza asubuhi. Nguo za mtoto zilikuwa mbichi zote. Nikawasha mkaa barazani, ulipokolea nikaliingiza jiko chumbani, nikatandaza nepi kwenye viti kulizunguka. Dirisha nikalifunga, na chini ya mlango nikasukumia taulo, baridi isiingie. Nilijiona mama mwenye akili.

Redio ilikuwa kitandani, binti aliisahau ikiwa inawaka. Watu wanaongea humo, kwikwi, kwakwa, mtoto anashtuka. Kuizima sijui. Nikaichukua kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa, nikaibana kati ya godoro na ukuta, nikasukuma kitanda kwa nyonga. Ikanyamaza papo hapo. Nikajipongeza. Nikapanga niiache humo mpaka iishe chaji, na binti akiuliza niseme sijaiona.

Kumbe nilikuwa nimekibana kitufe cha kuongelea. Redio ikiwa imebanwa hapo haisikii mtu, inasema tu. Kila nilichosema chumbani kilikwenda hewani.

Na mimi nasema! Nilimpakata mjukuu, nikaanza kumsimulia habari za mama yake. "Mume wangu, una habari mke mwenzangu siku hizi haitwi jina? Anaitwa Saba Kei Emu Zedi. Akichelewa kupika tutamripoti polisi wa barabarani." Mtoto akacheka. Nikamwimbia hizo herufi, nikazirudia na kuzirudia.

Halafu kichwa kikaanza kugonga. Nikasema, "Mume wangu, joto la jiko hili tamu, lakini kichwa changu leo!" Nikataka kusimama nikanywe maji, miguu ikakataa, mizito kama si yangu. Mtoto alikuwa amelala, mwekundu mashavuni, nikaona kapendeza. Nikasema, "Basi tulale kidogo." Sikumbuki tena.

Yaliyofuata nimesimuliwa na fundi wa majokofu, ambaye karakana yake iko mitaa mitatu kutoka kwetu na yeye pia ana leseni. Mwanzoni walikasirika, maana mtu akibana kitufe wengine wote hawawezi kuongea. Kisha wakaanza kucheka, wanapigiana simu: msikilizeni bibi huyu! Aliyeacha kucheka ni nesi mmoja mstaafu. Alimpigia fundi.

"Umesikia jiko? Umesikia kichwa? Huyo amejifungia na mkaa. Asilale!"

"Nitamwambiaje, dada? Redio yake haisikii."

"Basi mtafute! Jina la hewani si kalitaja mara ishirini?"

Kwenye orodha ya chama chao cha redio walikuta jina hilo ni la nani, na namba ya simu. Walimpigia binti, naye akanipigia mimi. Simu yangu ililia sebuleni, nami sikusikia. Akamtajia fundi nyumba yetu huku analia, naye akatoka mbio na mvua, bisibisi bado mkononi.

Mlango wa nje nilikuwa nimeukomea kwa ndani. Akavunja kioo cha dirisha la chumbani. Nilizinduka nimelazwa barazani, mvua inanipiga usoni, na kitu cha kwanza kusikia ni mjukuu wangu analia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Fundi alikuwa anahema, damu inamtoka kiganjani. "Mama, mzee yuko wapi? Nimezunguka chumba kizima namtafuta mumeo!"

Nikamwonyesha kwa kidole yule aliyevaa nepi.

Hospitali walituwekea hewa safi puani, mimi na yeye. Daktari alisema mkaa unatoa sumu isiyo na harufu, haikupigii hodi, na mtoto mchanga hangefika nusu saa nyingine. Binti alinishika mkono tu. Kusema ukweli ningependa anigombeze.

Jumapili chama chao husoma habari zao kwenye ripita: nani kafaulu mtihani, mtambo utazimwa lini kutengenezwa. Safari hii waliomba habari yetu, ili iwe onyo. Binti alikaa mezani na kalamu.

"Niandike redio iliangukia nyuma ya godoro, eh mama?"

"Haikuanguka."

"Watu wote watasikia, mama. Fundi atasikia, na yule nesi."

"Ndiyo maana. Waliniokoa wakidhani ni bahati mbaya. Andika niliificha, na nilipanga kukudanganya. Na dirisha nililifunga mwenyewe, taulo nikaweka mwenyewe. Mama mwingine akisikia iliangukia tu, atasema yake haianguki, ataendelea kuingiza jiko ndani."

 Akanisogezea karatasi na kalamu.

"Basi andika wewe, mimi nitasoma."

Ndiyo hii. Nesi, fundi, na nyote mliokuwa mnasikiliza siku ile, Mungu awazidishie masikio. Na wewe mama unayenisikia na mvua inanyesha: toa jiko nje sasa hivi, kabla hujamaliza kunicheka.