Amri ya Fabricio

Mpaka leo wapo watu pale kwenye klabu yetu ya kulenga shabaha wanaosema Nidia alizembea. Wanasema huku wanapeana kibuyu cha mate, ile chai yetu ya majani, wananyonya bombilla, mrija wake wa chuma, kama vile wanazungumzia hali ya hewa. Mimi nilikuwa nyuma yake siku ile, naona na kusikia, na nikisikia hilo neno "alizembea" damu inanichemka.

Nidia ni mke wa kaka yangu Evaristo. Wiki nzima Nidia huwa mashambani nje ya mji wa Río Cuarto, akimsaidia daktari wa mifugo kuchanja ng'ombe. Jumapili ni ya mashindano ya bastola. Bastola yake ni ya aina yenye kijino cha chuma ubavuni. Ukishaingiza risasi chemba, kinyundo kinabaki kimesimama nyuma. Ukikibonyeza kile kijino kwa kidole gumba, kinyundo kinashuka chenyewe bila kuigonga risasi, na kifyatulio hukigusi kabisa. Ndiyo kazi ya kile kijino, haina nyingine. Nidia amekibonyeza hivyo miaka na miaka, mdomo wa bastola ukitazama tuta la udongo, na hakuna aliyewahi kusikia kitu.

Jumapili hiyo mawingu yalikuwa yanapanda kutoka kusini na manyunyu yameshaanza. Msimamizi wa kituo chetu cha kulengea alikuwa Fabricio Olmedo, aliyepewa kizibao chekundu cha wasimamizi majuzi tu na tayari anatembea nacho kama jenerali. Alitaka tumalize kabla mvua haijamwagika.

"Jaza. Jiweke tayari!" akaamuru.

Nidia akaingiza magazini, akavuta chuma cha juu kikarudi kwa kishindo, kidole gumba kikaenda kwenye kijino.

"Hapana, hapana! Acha hicho," Fabricio akasema. "Shusha kwa mkono. Shika kinyundo, vuta kifyatulio, kiteremshe polepole."

"Fabricio, hii ina kijino chake."

"Vijino vinakatika. Nimeshaona. Kwenye kituo changu kila mtu anashusha kwa mkono."

"Lakini risasi imo ndani, nivute kifyatulio cha nini wakati..."

"Dada, unashusha au unatoka? Watu wanalowa!"

Nikapaza sauti kutoka nyuma: "Olmedo, ana haki ya kutumia kijino! Kanuni ndivyo inavyosema!"

"Na wewe shemeji wa watu, funga domo au nakutoa na wewe!"

Nidia akashusha pumzi. Akaielekeza bastola kwenye tuta, akabana kinyundo kwa gumba, akavuta kifyatulio. Kidole kilikuwa kimelowa. Kikateleza.

Paa!

Udongo ukaruka kwenye tuta, na hakuna aliyeguswa. Hata katika kufanya jambo asilolitaka, Nidia hakuuacha mdomo wa bastola upotee hata kidogo. Ndiyo maana leo nasimulia kisa, sisimulii msiba.

"Simama! Toa risasi!" Fabricio akapayuka. Nidia akatoa, akaonyesha chemba tupu, akairudisha bastola kiunoni. "Umeondolewa mashindanoni. Risasi imekutoka kwa uzembe."

"Kwa uzembe wa nani?" Sauti yake ilikuwa chini kabisa. "Mwite mkurugenzi. Umwambie ulichoniamuru."

"Nilikuamuru nini? Mimi nilisema jiweke tayari, basi."

Wallahi, nilidhani sikusikia vizuri. Mtu mzima, mbele ya kundi zima, anameza maneno yake kabla hayajapoa!

Doña Beatriz Lanfranco, mkurugenzi wa mashindano, akaja na mwavuli. Fabricio akarudia uongo wake bila kupepesa. Nikasema nilichosikia. Doña Beatriz akanitazama: "Wewe ni ndugu yake." Wengine wakainama, viatu vyao ghafla vikawa na mambo mengi ya kutazamwa.

Aliyefungua mdomo ni Yamila Bustos. Yamila na Nidia hawasalimiani. Wamekuwa wakigombea nafasi ya kwanza ya wanawake mpaka chuki ikaota mizizi, na Nidia akitoka, kombe ni la Yamila.

"Alimwamuru," Yamila akasema. "Akamtishia kumtoa. Tumesikia wote, hawa wanajifanya viziwi tu."

"Risasi ni risasi," Doña Beatriz akasema. "Nidia, unatoka. Fabricio, kuwa mwangalifu. Tuendelee."

Kuwa mwangalifu! Kama mtu aliyemwaga chai!

"Kutoka nitatoka," Nidia akasema. "Bastola ilikuwa mkononi mwangu, hilo sibishi. Lakini anayefuata ana bastola kama yangu. Huyu atamwambia nini? Sitaondoka hapa mpaka avue hicho kizibao."

"Unatutishia?" Fabricio akacheka.

Yamila akafungua begi lake, akaitia bastola yake ndani, akavuta zipu. "Mimi silengi huyu akiwa msimamizi." Kijana wa Villa María aliyekuwa anafuata naye akafunga lake. Halafu mwingine. Mvua ikaanza kupiga paa la bati la banda la klabu, na Fabricio akabaki peke yake kwenye mstari, hana wa kumwamuru. Akavua kizibao, akakitupa mezani, akaenda zake.

Mashindano yakaendelea na msimamizi mwingine, na kombe alichukua Yamila. Klabu ikabandika tangazo kwamba mwenye kijino ni lazima atumie kijino, kana kwamba ni jambo jipya. Lakini kwenye matokeo, mbele ya jina la Nidia, waliandika "uzembe," na mpaka leo hawajafuta.

Jioni ile tulikaa kwenye gari na Evaristo, tunakula torta frita, maandazi ya siku za mvua. Nidia ya kwake alikuwa ameishika tu.

"Nilijua si sawa," akasema. "Nilijua, na bado nikavuta."

Mara Fabricio akagonga kioo, maji yanamchuruzika kichwani. Nidia akakiteremsha.

"Dada, tusiwekeane kinyongo, eh? Wote tumekosea kidogo kidogo."

Nidia akamtazama, akapandisha kioo mpaka juu, akamwambia mumewe awashe gari.