Riba ya Marehemu

Mwalimu Agnetha alikuwa akimenya ndizi nje ya jiko lake huko Kaisho, jirani yake Costansia aliporudi kutoka gulioni Nkwenda akampa Agnetha salamu za mumewe, Rwegasira. Alisema amemkuta Rwegasira kwenye ghala la Jovitus, anapakia magunia ya kahawa kwenye lori, na wamesalimiana vizuri. Rwegasira alikuwa amezikwa kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, tangu Kwaresima. Agnetha aliuliza kama ana viatu, maana walimzika na soksi tu. Costansia akajibu kwamba yuko pekupeku, na suti imeanza kuchanika makwapani. Agnetha aliinamisha kichwa akaendelea kumenya. Gulio zima litakuwa limeiona ile suti.

Jovitus alinunua kahawa na kukopesha watu, na ndiye aliyekaa na kadi ya benki ya Agnetha. Agnetha alipokuwa amelazwa hospitali, Rwegasira aliitoa kadi sandukuni, akampelekea Jovitus pamoja na namba ya siri, akakopa fedha za butura, yaani za kununua kahawa ya watu ingali maua. Mvua ya mawe ikayapukutisha maua yote. Hakumwambia mkewe. Alianza kukohoa, akafa. Tangu hapo pensheni ya ualimu ikiingia, Jovitus huitoa yote, kisha humrushia Agnetha kidogo kwenye simu, ya chumvi na sabuni.

Agnetha aliwahi kwenda kuuliza wilayani. Afisa alimweleza kwa upole kwamba sheria hairuhusu mtu kushika pensheni ya mwingine kwa sababu ya deni. Atoe maelezo polisi, kadi ifungwe, apewe nyingine. Kisha akauliza ni nani aliyempa mkopeshaji kadi hiyo. Agnetha alisema atarudi. Hakurudi. Polisi wa zamu alikuwa mwanafunzi wake, na hakuona atalitamkaje mbele yake jina la mumewe kama jina la mwizi.

Kesho yake baada ya salamu za Costansia, Agnetha alipanda bodaboda hadi Nkwenda, amebeba shati, suruali ya shamba na kandambili. Jovitus alisimama kumpisha kiti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Jovitus alimweleza kwamba marehemu alikuja mwenyewe jioni moja, akangoja wateja waishe, akasema kule aliko hapati kulala. Aliomba kazi ili kadi irudi kwa mwenyewe.

"Basi irudishe," Agnetha alisema.

"Mwalimu, kazi yake inakata riba tu. Deni lenyewe linalipwa na kadi." Jovitus alimsogezea soda. "Na ukienda kuifunga, itabidi yeye abaki hapa moja kwa moja. Ndivyo tulivyokubaliana naye."

Hakusema kwa ukali. Agnetha alikunywa soda kidogo, kwa adabu, akaomba aonyeshwe mumewe alipo.

Rwegasira alikuwa nyuma ya ghala, ananukia udongo mbichi. Alipokea nguo, akaenda kubadilisha nyuma ya lori, akarudi akiangalia chini.

"Mama Joanitha, nilitaka uikute kadi sandukuni, usijue kama iliwahi kutoka."

"Najua."

"Mtoto ameambiwa?"

"Nimemwambia pensheni inachelewa."

Rwegasira alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo mwingine. Alitaka kuuliza habari za kibanja, akaacha.

Jovitus aliita kutoka mlangoni, kwa heshima, kwamba mvua inakuja na lori linatakiwa liondoke. Rwegasira akainamia gunia. Halikunyanyuka, mgongo wake haukuwa tena ule wa zamani. Akajaribu tena. Wapakiaji wenzake wakageukia upande wa pili, wakajifanya wanakaza kamba.

Agnetha aliweka mkoba wake chini, akashika pembe mbili za gunia, akamtwisha.